Nambari ya Chombo Yapasa Kusomwa kwa Mbali

Msomaji aliyeko Endebess akiona habari ya vyombo vya maji katika ukurasa huu huenda akadhani imepotea njia. Kwetu hakuna bandari. Tunayo mahindi na ng'ombe, na mlima Elgon uko nyuma ya nyumba. Anayetaka kuona chombo kikielea hana budi kufunga safari ya mbali. Lakini na atazame maji yaendako. Mto Koitobos hushuka Elgon ukaingia Nzoia, na Nzoia hufika Ziwa Victoria katika nchi ya Bunyala, karibu na Port Victoria. Mto Suam nao hushuka mlima ule ule, ukashika njia ya kaskazini, ukageuka jina na kuitwa Turkwel, hata ukaishia Ziwa Turkana. Kwa hiyo sisi tumekaa kati ya maziwa mawili bila kuyaona, na samaki wa maziwa yote mawili huuzwa Kitale: wa Victoria hupanda kutoka Busia na Kisumu, na wakavu wa Turkana hupita Lodwar na Makutano.

Fedha nazo hushika njia hiyo hiyo. Mkulima aliyepata mavuno mema huuza magunia yake, akaona mpwa wake amekaa bure, akamnunulia mtumbwi wa mbao na injini huko Port Victoria au Kalokol. Karani aliyehamishiwa Busia huingia ushirika na mvuvi. Si jambo baya, maana chombo kizuri chaweza kuleta faida. Ila mwenye mali wa namna hii hukaa mbali na mali yake. Ng'ombe wake huwaona kila asubuhi, tena awajua kwa rangi na pembe. Mtumbwi wake huuona labda mara mbili kwa mwaka, nao umelala ufukweni kati ya mitumbwi mingine iliyofanana nao kama shilingi kwa ya pili. Asipoujua kwa nambari yake, hataujua kwa lolote.

Habari yetu ya leo, basi, ni juu ya nambari hiyo ya kiandikisho, pamoja na vibandiko vya leseni (wengi husema stika): vyapasa kuonyeshwa namna gani juu ya chombo, na kwa nini mwenye chombo asiviachie mchoraji wa ufukweni avipake apendavyo.

Mwenye trekta ajua tayari nusu ya jambo hili. Nambari ya trekta lake huanza na KT, ya pikipiki huanza na KM, na tela lina nambari yake yenye Z. Askari aliyesimama njia panda huisoma nambari kabla dereva hajafika. Majini shida ni kubwa zaidi. Gari halina budi kufuata barabara, na likikimbia hapa litaonekana kule; chombo hushika upande wowote ule. Ziwa Victoria lina ukubwa wa kilometa za mraba 68,800 hivi, na katika kila sehemu mia za ziwa hilo Kenya ina 6 tu, Uganda ina 43 na Tanzania 51. Mpaka umechorwa katika ramani, lakini juu ya maji hakuna ua wala jiwe. Mvuvi aliyefuata mbuta usiku huweza kuuvuka asijue.

Wakati mzozo wa kisiwa cha Migingo ulipopamba moto mwaka 2009, baina ya Kenya na Uganda, watu wa bara ndipo waliposikia jambo ambalo wavuvi walikuwa wamelijua siku zote: kwamba swali la kwanza la askari wa doria ni chombo hiki ni cha wapi. Chombo chenye nambari iliyo wazi hujibu kabla mvuvi hajafungua kinywa. Chenye nambari iliyofutika nusu huweza kuvutwa hadi kituoni, na samaki waliomo huoza wakati maneno yakiendelea. Mwenye mali aliyeko Endebess hupata habari siku ya tatu kwa simu, na hasara huwa imekwisha kuingia.

Tena kuna wizi. Kuibiwa kwa injini na nyavu ni kilio cha zamani katika Ziwa Victoria, na mara nyingine huchukuliwa chombo chote. Mwizi akishauvusha mtumbwi hadi ufuko mwingine, aliyeibiwa atamwambia nini polisi? Kwamba mtumbwi wake ni wa mbao, una rangi ya buluu, na kiraka kimoja? Mitumbwi ya namna hiyo haihesabiki. Lakini akitaja nambari iliyoandikwa katika daftari la afisi ya uvuvi na katika daftari la kamati ya ufuko, ile inayoitwa BMU, shauri lake lina pa kuanzia.

La mwisho ni zito, nasi twalisema kwa upole. Ziwa hupindua vyombo. Dhoruba za Victoria huja kwa ghafula, hasa usiku, na mara nyingine mtumbwi huokotwa mtupu, mbali na ufuko ulikotoka. Nambari iliyo ubavuni ndiyo itakayoonyesha ni nyumba ipi ya kupelekewa habari, na ni watu wangapi wa kutafutwa. Pasipo nambari, jamaa huweza kungoja majuma mazima wakidhani kijana wao amehamia ufuko mwingine.

Wako wanaosema kwamba mambo haya ya nambari ni udhia wa siku hizi, uliobuniwa ili watu walipe ada. Hao hawajui historia ya pwani yetu. Tarehe 2 Julai 1890, mjini Brussels, wajumbe wa mataifa 17, na Zanzibar mojawapo, walitia sahihi mkataba mkubwa wa kukomesha biashara ya watumwa. Sehemu ya mkataba huo ilihusu bahari kutoka Ghuba ya Uajemi na Bahari ya Sham kushuka hadi Quelimane huko Msumbiji, pamoja na maji ya Madagaska. Na vyombo vilivyokusudiwa hasa ni vile vidogo, vya chini ya tani 500, yaani majahazi yaliyokuwa yakija na kaskazi na kurudi na kusi.

Shida yao ilikuwa hii. Jahazi lililobeba tende na jahazi lililobeba watu waliotekwa yalifanana mbali baharini. Nahodha aliweza kutweka bendera hii leo na ile kesho, na jina la chombo alilitaja apendavyo. Basi mkataba uliamuru kwamba chombo cha wenyeji kisipewe ruhusa ya kutweka bendera ya taifa lo lote mpaka mwenyewe athibitike kuwa raia wa taifa hilo au aliye chini ya himaya yake, awe na mali isiyohamishika katika wilaya ile au mdhamini wa kutosha, tena yeye na nahodha wake wawe watu wenye sifa njema wasiopata kuhukumiwa kwa biashara ya watumwa. Ruhusa hiyo ilikuwa ya kuombwa upya kila mwaka. Kisha ikaja amri inayohusu habari yetu: jina la chombo na uzito wake wa tani yachongwe na kupakwa rangi kwenye tezi, yaani upande wa nyuma, kwa herufi za Kizungu, na herufi ya kwanza ya bandari yake, pamoja na nambari yake katika daftari la bandari hiyo, zipigwe kwa rangi nyeusi juu ya matanga.

Na afikiri msomaji jinsi amri hiyo ilivyotungwa kwa akili. Jina likichongwa katika ubao, halifutiki kwa kitambaa chenye mafuta usiku mmoja. Nambari ikiwekwa juu ya tanga, yaonekana tangu mbali sana, kabla chombo chenyewe hakijaonekana vema. Na rangi nyeusi juu ya kitambaa cheupe ndiyo isomekayo kupita zote. Miaka mingi imepita, na watu wanaotunga kanuni za vyombo hata leo hurudia mambo hayo matatu: isiondoke kwa urahisi, iwekwe juu, na rangi zipingane.

Hatusemi kwamba mataifa yale yalifanya hayo kwa huruma tupu. Kila moja lilikuwa na tamaa yake katika bahari hii, na wenye majahazi hawakuulizwa shauri. Ugomvi ulizuka upesi. Wenye vyombo wa Sur, katika Omani, ambao majahazi yao yalikuwa yakija Zanzibar kila musimu, walikuwa wamepewa na Wafaransa hati na bendera ya Kifaransa. Waingereza wakanung'unika kwamba bendera hiyo yawafanya watu wa Sultani wa Maskati wasipekuliwe. Shauri lilipelekwa mbele ya mahakama ya usuluhishi huko The Hague, na hukumu ikatolewa tarehe 8 Agosti 1905. Waamuzi walisema kwamba kabla ya tarehe 2 Januari 1892 Ufaransa ilikuwa na haki ya kutoa bendera yake kwa vyombo vile kwa kufuata sheria zake yenyewe. Baada ya siku hiyo haikuwa na haki tena, ila kwa wale waliothibitika kuwa chini ya himaya yake tangu kabla ya mwaka 1863. Mataifa mawili makubwa yalisimama mbele ya waamuzi kwa sababu ya alama za majahazi ya watu wa Sur, maana alama ya chombo ndiyo inayoonyesha ni nani wa kuulizwa juu yake.

Tuje sasa kwenye brashi na rangi.

Neno la kwanza ni kwamba mtu asijitungie nambari. Sheria ya Kenya ya mwaka 2016 juu ya usimamizi wa uvuvi yataka chombo cha kuvulia kiandikishwe na kiwe na leseni, na nambari hutoka kwa wenye mamlaka hiyo. Aliye mbali na aanze kwa afisa wa uvuvi wa kaunti au kwa kamati ya ufuko, nao watamwelekeza. Chombo cha kubeba abiria kina habari na Mamlaka ya Bahari ya Kenya pia, ambayo hukagua usalama wake. Nambari ikishatolewa, iandikwe jinsi ilivyo katika hati, herufi kwa herufi. Mchoraji aliyeona kwamba O na sufuri ni mamoja, au aliyeipendezesha 1 mpaka ikawa I, amekwisha kukupa chombo kisichopatikana katika daftari lo lote.

Juu ya ukubwa wa herufi, iko kanuni njema ya kufuata. Mwaka 1989 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilipata vipimo vya alama za vyombo vya uvuvi vilivyokubaliwa na wajumbe wa mataifa. Ni vya hiari, tena vilikusudiwa hasa vyombo vinavyovua nje ya maji ya nchi zao. Hata hivyo mwenye mtumbwi wa ziwani hatapotea akivitumia, maadamu afisa wake hakumpa kipimo kingine. Vyasema kwamba chombo chenye urefu wa meta 5 na zaidi, lakini kisichofika 12, kiwe na herufi za kimo cha sentimita 30. Chini ya meta 5, sentimita 10 zatosha. Meli ya meta 25 na zaidi huandikwa herufi za meta nzima. Unene wa mstari wa herufi uwe sehemu ya sita ya kimo chake, na nafasi baina ya herufi na herufi isipungue sehemu ya sita wala isizidi robo.

Tufanye hesabu. Mtumbwi wako una meta 8. Herufi ni sentimita 30 kwenda juu, mstari wake una unene wa sentimita 5, na nafasi baina yao ni kati ya sentimita 5 na 7 na nusu. Tukichukua kila herufi kuwa na upana wa sentimita 15, na nafasi ya 7, nambari yenye herufi na tarakimu sita itataka sentimita 90 na nyingine 35, jumla 125. Ubavu wa mtumbwi wa meta 8 wazipokea bila taabu. Mwenye kusema hapana nafasi, mara nyingi nafasi ameijaza picha ya simba.

Kanuni hizo za FAO zataka rangi mbili tu: nyeupe juu ya nyeusi, au nyeusi juu ya nyeupe, na ule uwanja wa nyuma uzidi herufi pande zote kwa kiasi cha sehemu ya sita ya kimo, yaani sentimita 5 katika mfano wetu. Hapa ndipo wengi hukosea. Hupaka mtumbwi wote rangi ya buluu, kisha nambari huipaka nyekundu juu yake. Aliye hatua kumi huiona vizuri na kuisifu. Aliye mbali, jua limeanza kuzama, huona giza tupu. Paka kwanza mstatili mweupe, uache ukauke kabisa, kisha andika kwa rangi nyeusi ya mafuta. Ukiweza kupata rangi inayong'aa ikipigwa na tochi, ni bora zaidi kwa wavuvi wa omena, ambao kazi yao yote ni ya usiku.

Mahali pa kuiweka pana mambo yake. Nambari huwekwa ubavu wa kulia na wa kushoto pia, juu kadiri iwezekanavyo kutoka kwenye maji, wala isishuke chini ya mstari ambao maji hufika chombo kikiwa na mzigo. Isiwe mahali nyavu zinapotundikwa, wala kamba ya nanga inapokwaruza, wala pale maji machafu yanapomwagwa. FAO hukataza kuiweka katika ubao unaopinda kwenye omo na tezi, kwa kuwa herufi zilizo juu ya ubao uliopinda huonekana nyembamba kama vijiti kwa mtu aliye ubavuni. Huko Marekani, ambako sheria yao yataka hata mashua ya injini ya mtu binafsi iwe na nambari, hutaka iwekwe katika nusu ya mbele ya chombo. Kauli hizi mbili hazigombani. Tafuta ubao ulionyooka, nyuma kidogo ya pale omo inapoanza kupinda, na hapo ndipo.

Wamarekani wana kanuni nyingine mbili zinazofaa kuigwa. Nambari lazima isomwe kutoka kushoto kwenda kulia katika kila ubavu. Jambo hili laonekana kuwa la wazi, lakini mchoraji anayefuata kiolezo kimoja pande zote mbili, akakigeuza, huandika upande mmoja kinyumenyume, au huanzia omo katika kila ubavu ili zifanane, na upande wa kulia ukawa hausomeki. Kanuni ya pili ni kwamba kati ya kundi la herufi na kundi la tarakimu iachwe nafasi ya upana wa herufi moja, au kiwekwe kistari. Jicho la mtu aliye katika chombo kinachosukwasukwa halishiki herufi nane zilizoshikamana. Likigawiwa mafungu mawili, hushika. Herufi zao zaweza kuwa ndogo, inchi 3 tu, yaani sentimita 7 na nusu hivi. Sisi twaona kipimo hicho ni kidogo mno kwa ziwa lililo wazi.

Herufi ziwe za kawaida, zilizosimama wima. Tumeona maandishi ya ajabu katika fuo: herufi zenye mikia, zenye vivuli, zilizolala kama nyasi zilizopigwa na upepo. Sisi hatuchukii mapambo. Majina ya mitumbwi ni raha kuyasoma, na mengine yana hekima kuliko makala nyingi za magazeti. Mwenye kuandika dua yake, au jina la mama yake, au timu ya mpira aipendayo, na aandike. Lakini na aviweke nyuma karibu na tezi, wala asiweke tarakimu nyingine zozote karibu na nambari ya kiandikisho. Mtumbwi uliopakwa mwaka wa kuundwa kwake, na nambari ya simu ya fundi, na tarakimu ya jezi ya mchezaji, humfanya askari wa doria asijue aandike ipi.

Juu ya vibandiko tutasema kwa ufupi. Mwenye gari amezoea kuona karatasi ya bima katika kioo cha mbele, na ajua kwamba ikipita tarehe haina maana. Kibandiko cha chombo hufanya kazi iyo hiyo: nambari hutaja chombo, kibandiko hushuhudia kwamba ada ya mwaka huu imelipwa au ukaguzi umefanyika. Pale ofisi inapotoa kibandiko, kiwekwe karibu na nambari, ili jicho moja lione vyote viwili. Marekani hutaka kisizidi inchi 6 kutoka kwenye nambari. Cha mwaka uliopita kibanduliwe kabisa. Vibandiko vinne vilivyopandana ni kama mihuri minne katika barua moja, havimpi msomaji imani.

Ubao wa mtumbwi haupendi gundi. Una mikwaruzo, una mafuta ya samaki, na hulowa na kukauka kila siku. Njia tunayoishauri ni kukata kipande cha bati la alumini kilicho bapa, kukipigilia kwa skrubu katika ubao mkavu, kukipangusa vema, kisha kubandika juu yake. Kingo za bati zikunjwe zisije zikakata nyavu. Na hati yenyewe isiachwe ufukweni peke yake: nakala moja ikae na nahodha ndani ya mfuko usioingia maji, na nyingine ikae Endebess katika sanduku moja na hati ya shamba.

Katika hati hiyo hiyo andika pia nambari ya injini, ile iliyopigwa na kiwanda. Injini huweza kuwa na thamani kuliko mtumbwi unaoisukuma, tena huhama kutoka chombo hiki hadi kile kwa dakika chache. Anayejua nambari ya mtumbwi asijue ya injini amelinda ganda akaacha punje.

Chombo cha abiria kina alama moja zaidi, nayo ni ya idadi ya watu. Huko Uingereza, mbunge Samuel Plimsoll alipigania kwa miaka mingi kwamba kila meli ichorwe ubavuni alama ya mwisho wa mzigo, hata sheria ikapita mwaka 1876. Alama ile huitwa kwa jina lake hadi leo. Mabaharia walikuwa wakizama katika meli zilizojazwa kupita kiasi na wenye mali waliobaki nchi kavu. Kwetu, tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara katika upande wa Tanzania. Kiliruhusiwa kubeba watu 101. Waliokufa peke yao walikuwa zaidi ya 220. Idadi iliyoruhusiwa ilijulikana, nayo haikufuatwa. Rangi haiwezi kumshusha abiria aliyezidi. Hata hivyo idadi ikipakwa mahali ambapo kila apandaye huiona, kwa tarakimu kubwa, mama aliyebeba mtoto aweza kuhesabu mwenyewe na kukataa kupanda, na nahodha hawezi kumwambia kwamba nafasi bado ipo. Mwenye chombo aliye mbali na aiagize iandikwe ndani, juu ya ubao unaowaelekea abiria, kadiri ile iliyoruhusiwa na mkaguzi, wala asiongeze hata mtu mmoja kwa kumridhisha mpwa wake.

Kwa mtu wa Endebess anayekusudia kununua chombo kilichotumika, tuna neno la mwisho. Usilipe kwa kuona nambari ubavuni peke yake. Enda na muuzaji kwa afisa wa uvuvi, mlinganishe nambari ya ubavu wa kulia, ya ubavu wa kushoto, ya hati, na ya daftari. Zikipishana hata herufi moja, fedha zikae mfukoni mpaka jambo lieleweke. Jina lako liingizwe mahali pa jina lake siku iyo hiyo. Nawe ukiuza, hakikisha jina lako limetoka, maana chombo kitakachokamatwa mwakani na nyavu zilizokatazwa kitaulizwa kwa yule aliyeandikwa.

Chombo kikichakaa kabisa huvunjwa, na mbao zake hazitupwi. Huwa mabenchi, milango ya vibanda, au viraka vya mitumbwi mingine. Kabla hazijatoka mkononi mwako, mwambie fundi azipige randa zile zilizoandikwa nambari mpaka mbao ziwe nyeupe, kisha uende kwa afisa aifute nambari hiyo katika daftari.